Kivuli cha Saa Sita: Elimu ya Anga kwa Watoto wa Kibaha na Kisarawe

Elimu ya anga kwa watoto wadogo mara nyingi huanzia ukutani: bango la sayari nane zikilizunguka Jua, wimbo wa majina yake, basi. Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kukariri kuanzia Zebaki hadi Neptuni bila kuinua kichwa hata mara moja. Mimi naona tuanzie kwenye kitu anachotembea nacho kila siku na kinachobadilika mbele ya macho yake, yaani kivuli. Kwa watoto wa Kibaha na Kisarawe somo hilo lina utajiri ambao mtoto wa London hawezi kuupata uwanjani kwake.

Sababu ni mahali. Wilaya hizi za Mkoa wa Pwani ziko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Katika safari yake ya mwaka, Jua hufika nyuzi 23 na nusu kaskazini mwezi Juni, na nyuzi 23 na nusu kusini mwezi Desemba. Kwa hiyo hupita juu ya Kibaha mara mbili, likienda na likirudi. Simika fimbo ya mita moja uwanjani, wima kabisa. Jiwe lililoning'inizwa kwa uzi litaonyesha kama imesimama sawasawa. Tarehe 21 Juni, kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo kitakuwa na sentimita 58 hivi, kikielekea kusini. Tarehe 21 Desemba kitakuwa na sentimita 30 hivi, nacho kimegeukia kaskazini. Katikati ya hapo, karibu na tarehe 3 Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, fimbo haina kivuli.

Siku hizo mbili zingestahili kuandikwa kwenye kalenda ya kila shule ya msingi ya Pwani. London haizipati kamwe, kwa kuwa Jua halifiki utosini huko hata kiangazi kikipamba moto.

Ila mwalimu awe mwangalifu na saa. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45, na Kibaha iko karibu na 39, kwa hiyo Jua huchelewa kufika kileleni kwa wastani wa dakika 24. Mapema Machi hufika kama saa 6:36 mchana. Oktoba kama saa 6:11. Mwalimu akiwatoa watoto saa sita kamili tarehe 3 Machi na kuwaambia kivuli kimetoweka, wao watakiona kimelala upande wa magharibi, sentimita 16 nzima, na watakuwa wamesema kweli kuliko yeye. Dawa yake ni kutowaambia saa. Waanze kuweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli tangu saa nne, kijiwe kingine kila baada ya muda, hadi saa nane. Kijiwe kilicho karibu kuliko vyote na fimbo ndicho adhuhuri, na watoto wameipata wenyewe.

Wengi wao, kwa kweli, wana jamaa wanaoishi kwa kipimo hiki. Wakati wa swala ya adhuhuri huingia Jua linapopinduka kutoka kileleni. Alasiri, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Siku isiyo na kivuli hakuna cha kuongeza: fimbo ya mita moja ikitoa kivuli cha mita moja, alasiri imeingia, na Machi hiyo ni kiasi cha saa tisa na nusu. Mtoto wa madrasa akipima mwenyewe atajua ratiba iliyobandikwa msikitini imetoka wapi.

Darasa la kwanza na la pili hukazania kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu anaweza kuhofia kwamba fimbo itamlia muda. Lakini kupima kivuli kwa kamba, kuandika tarehe na urefu, kulinganisha wiki hii na iliyopita, ndiko kuhesabu na kuandika kwenyewe. Darasa la watoto wengi halihitaji vifaa vingi pia, kwa sababu fimbo moja huzungukwa na wote.

Mwezi nao haungoji usiku, jambo muhimu kwa shule ambayo watoto hurudi nyumbani mchana. Kwa siku kadhaa baada ya mwezi mpevu, asubuhi watoto wanapofika shuleni huwa bado uko angani, upande wa magharibi. Chukua chungwa, simama juani, ulinyooshe kwa mkono karibu na ulipo Mwezi. Sehemu ya chungwa inayong'aa itakuwa na umbo lile lile la Mwezi, maana vyote viwili vinamulikwa na Jua moja. Sijui njia iliyo fupi zaidi ya kumwonyesha mtoto kwamba Mwezi ni tufe. Hapa ndipo vitabu vya picha kutoka Ulaya vinapopotosha: mwezi mwandamo vinauchora umesimama, ilhali kwetu mara nyingi hulala kama mtumbwi. Mtoto auchore alivyouona.

Nimeacha kuzunguka kwa Dunia hadi sasa kwa makusudi. Baada ya wiki za vijiwe, mtoto asimame mbele ya mwenzake anayeigiza Jua, pua yake iwe Kibaha, ajigeuze polepole kuelekea kushoto. Jua litatokea upande wa shavu la kushoto, litapita mbele ya pua, litatoweka upande wa kulia. Jua halikusogea hata kidogo.

Fikra ya kuwaanzisha watoto wadogo hivi ina wenzake duniani. Mpango wa Universe Awareness, ulioasisiwa na mwanaastronomia George Miley wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, uliwalenga watoto wa miaka 4 hadi 10, na ulikuwa mmoja wa mihimili ya Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia wa 2009. Hapa nyumbani Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amefanya kazi kubwa ya kueleza anga kwa umma, hasa wakati wa kupatwa kwa Jua tarehe 1 Septemba 2016, pete ya Jua ilipoonekana Rujewa, Mbeya.

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa tena. Giza kamili litapita Misri na Saudi Arabia. Pwani itaona Jua limemegwa sehemu. Mtoto asilitazame kwa macho, wala kwa filamu ya eksirei, kioo cha masizi au beseni la maji. Vyote hivyo haviyalindi macho. Majani ya mwembe au mkorosho yanatosha: vile viduara vya mwanga vinavyotapakaa chini ya mti ni picha za Jua, zinazopenya kwenye nafasi ndogo kati ya majani, na siku ya kupatwa kila kimoja kitakuwa kimemegwa. Watoto wazoezwe kuvitazama na kuvichora tangu sasa, siku za kawaida, ili siku hiyo wageuzie Jua mgongo kwa hiari yao na wajue nini kimebadilika.