Insha ya Kiingereza: Kueleza Kinachoonekana, Kushawishi kwa Hoja

Wazazi wa Mpemba hutuuliza kwa nini kijana mwenye bidii hupata alama hafifu katika insha ya Kiingereza. Tukifungua madaftari tunaona insha zilizokaririwa. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi hukuta Kiingereza sekondari, naye hukariri kwa kuogopa kukosea. Mtihani wa kidato cha nne ukibadili swali kidogo tu, alichokariri hakijibu kitu.

Tuanze na insha ya wasifu. Akiambiwa aeleze mji wake, huandika kwamba Tunduma ni mji mzuri wenye watu wengi. Sentensi hiyo yaufaa mji wowote duniani. Lakini kila siku huyaona malori yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, Zambia: maturubai yaliyojaa vumbi, madereva wakichemsha chai kando ya magurudumu, wauza ndizi wakinyoosha mikono juu madirishani. Hayo ndiyo ya kuandika, kwa sentensi fupi anazozimudu. Kitenzi kimoja sahihi chashinda sifa tano.

Katika kushawishi, tumtazame nabii Nathani (2 Sam 12). Hakuanza kwa kumkaripia Mfalme Daudi. Alimweleza kondoo mmoja wa maskini, aliyelelewa nyumbani kama binti, na mfalme mwenyewe akatoa hukumu. Wasifu ulitangulia, hoja ikafuata.

Naye Mtakatifu Fransisko wa Sale, alipotumwa Chablais mwaka 1594, alikuta watu wasiotaka kumsikiliza. Akaandika vikaratasi vya mafundisho, vikapenyezwa chini ya milango yao. Mwaka 1923 Papa Pio wa XI alimtangaza kuwa msimamizi wa waandishi. Alijua kwamba msomaji wake hakubaliani naye, hivyo alijibu pingamizi zake. Mwanafunzi naye achague upande mmoja, atoe sababu mbili au tatu zenye mifano, kisha ataje kwa haki kile ambacho mpinzani angesema, akijibu. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho, na kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia. Mwambie mtoto akusimulie insha yake kwa Kiswahili au Kinyamwanga. Akishindwa kuisimulia, ujue ameikariri. Jioni moja kwa juma yatosha, na makosa yaachwe daftarini ili mwalimu ayaone.