Moto wa Akiba katika Nchi za Baridi

Wengi katika ndugu zetu wamehamia nchi za baridi kali, ambako nyumba isiyo na joto si maskani. Huko watu wahimizwa waache mafuta, wapashe nyumba zao joto kwa umeme wa maji, wa upepo na wa jua. Jambo hilo ni jema. Lakini umeme ukikatika usiku, watoto wataota moto gani?

Mwezi wa Januari 1998, huko Quebec nchini Kanada, ambako umeme karibu wote hutokana na mito, ilinyesha mvua iliyoganda juu ya nyaya. Nguzo za chuma zikaanguka. Nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa umeme, nyingine kwa majuma kadhaa. Mito haikukauka, njia ndiyo iliyokatika.

Hapa pana funzo. Tanuri la gesi lenye feni ya umeme si akiba, kwani huzimika pamoja na umeme wenyewe. Lakini jiko la kuni lenye dohani halimngojei mtu. Twaona basi lichaguliwe hilo, kuni zikaushwe mapema, na dohani isafishwe kila mwaka.

Wala asithubutu mtu kulala na seredani ya mkaa chumbani, si Quebec wala Lushoto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huwaua watu usingizini.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Nasi twaongeza: akiba na isimame kwa miguu yake yenyewe.