Njaa ya Watu

Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke. Tangu hapo, ukijifungia chumbani Jumamosi na kitabu chako, jamaa wanakujulia hali kama mgonjwa. Wangetazama kwanza ubongo.

Mtafiti Gillian Matthews, akiwa London, alikuwa akichunguza kokeini kwa panya wa maabara. Akakuta jambo asilolitafuta: panya akitengwa saa 24 tu, hata asipopewa kokeini, miunganiko ya seli zake fulani za dopamini huimarika. Seli hizo zimo upande wa nyuma wa shina la ubongo, mahali ambapo wataalamu hupaita rafe, neno la Kigiriki lenye maana ya mshono. Mimi napaita mshono. Rafe inakaribia mno rafu, na humu hakuna mpira.

Mwaka 2016 Matthews na Kay Tye, wakati huo wa chuo cha MIT, walieleza kilichotokea walipoziwasha seli za mshono kwa mwanga. Panya aliwatafuta wenzake kwa bidii, na mbabe wa kundi ndiye aliyeitikia zaidi. Lakini panya huyohuyo alipaepuka mahali zilipowashiwa. Seli zilezile zinamuuma na zinamsukuma kwa wenzake, kama njaa inavyomsukuma mtu jikoni.

Tuifuate njaa hiyo. Saa kumi alasiri watu wawili wana matumbo matupu: mmoja amefunga, mwingine hana kitu. Aliyefunga alitia nia mwenyewe. Uji unachemka, kaimati zinakaangwa, na adhana ya magharibi haitamsahau. Mwenzake hana saa ya kufuturu. Anayefurahia kukaa peke yake ni mfungaji. Mpweke ana njaa, na anaweza kushinda Kariakoo akisukumana na umati, akinusa pilau la watu.

Mwaka 2020 Livia Tomova na wenzake wa MIT waliwatenga watu 40 kwa saa 10, na siku nyingine wakawanyima chakula kwa saa 10. Baada ya kutengwa, ubongo wa kati uliitikia picha za watu waliojumuika kama ulivyoitikia picha za chakula baada ya kushinda na njaa. Panya si watu, na saa 10 si miaka 10, tusonge. Thuy-vy Nguyen na wenzake nao walionyesha mwaka 2018 kwamba dakika 15 za kukaa peke yako hutuliza jazba, na aliyechagua mwenyewe hutulia zaidi.

Basi ukimkuta mtu peke yake, muulize akitaka kutoka ataenda kwa nani. Akitaja jina upesi, mwache. Akisita, mkaribishe chakula.