Povu la Kupulizia Darini: Mambo ya Kujua Kabla Fundi Hajawasha Mashine

Aliyewahi kuishi chini ya bati, iwe Kigoma, Kakuma au Uvira, hahitaji kuelezwa jinsi paa linavyoweza kuitawala nyumba. Saa saba za mchana bati huwaka, na usiku wa manane baridi hushuka moja kwa moja hadi kitandani. Nyumba za South End ya Louisville zina paa la namna nyingine, lakini kanuni ni ileile. Nyingi katika mitaa ya Beechmont, Iroquois na Kenwood ni za katikati ya karne iliyopita au za kabla yake. Baadhi ni za ghorofa moja na nusu, na chumba cha juu kabisa, kilichobanwa na mteremko wa paa, mara nyingi hupewa watoto. Mwezi Julai chumba hicho hugeuka tanuri. Mwezi Januari watoto hulala na makoti, huku mashine ya kupasha nyumba joto ikinguruma bila kupumzika na bili ikipanda.

Chanzo kikubwa cha taabu hiyo huwa darini, yaani ile nafasi tupu iliyo kati ya silingi na paa. Hewa yenye joto hupanda, hupenya kwenye nyufa za silingi, matundu ya nyaya na kingo za mlango mdogo wa kupandia darini, kisha hupotea. Dawa ni kuziba nyufa hizo na kutandika juu yake kitu kinachozuia joto lisipite. Marekani hupima uwezo huo kwa herufi R: namba ikiwa kubwa, kinga ni kubwa. Kwa hali ya hewa ya Louisville hupendekezwa darini pawe na kati ya R-49 na R-60, na nyumba nyingi za zamani ziko chini sana ya kiwango hicho. Zipo njia kadhaa za kukifikia. Mojawapo, ambayo wauzaji huisifu kuliko nyingine zote, ni povu la kupulizia, na ndiyo inayohitaji maelezo marefu kwa sababu inagusa mapafu.

Povu hilo huja katika mapipa mawili. Pipa la kwanza lina kemikali ziitwazo isosaineti. La pili lina mafuta maalumu yaliyochanganywa na viungo vya kuharakisha ugumu, kutoa mapovu na kupunguza kushika moto. Vimiminika hivyo hukutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia, huchemkana, huvimba na kuganda juu ya mbao kwa muda wa sekunde chache. Povu gumu hutoa takriban R-6 hadi R-7 kwa kila inchi, nalo povu laini, lenye vinyweleo kama sponji, hutoa takriban R-3.5. Likishakauka vizuri, likiwa limechanganywa kwa kipimo sahihi, huhesabiwa kuwa kitu kilichotulia. Hatari kubwa iko katika saa za kupulizia na saa zinazofuata, kabla kemikali hazijamaliza kazi yao na vumbi halijaondolewa.

Isosaineti ni miongoni mwa sababu zinazofahamika sana za pumu inayopatikana kazini. Mvuke na matone yake huwasha macho, koo na ngozi, lakini jambo zito zaidi ni lile madaktari wanaloliita uhamasisho: mwili huizoea kemikali kama adui. Mtu aliyekwisha kuhamasishwa anaweza kupata shambulio la pumu kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho jirani yake hatakihisi kabisa, na hali hiyo huweza kudumu maisha yake yote. Dalili ni kikohozi, kifua kubana, mluzi wakati wa kupumua na pumzi kukata. Pengine hazitokei papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, hata usiku, wakati familia imekwisha kusahau kwamba mchana kulikuwa na fundi.

Harufu si kipimo. Watu wengi hufungua mlango, hunusa, na wasiposikia kitu huwarudisha watoto ndani. Isosaineti inaweza kudhuru ikiwa hewani kwa kiasi ambacho pua haiwezi kukitambua. Kwa hiyo hoja ya fundi kwamba "hakuna harufu tena" haitoshi kuwa ruhusa ya kurudi.

Siku ya kazi, nyumba nzima huhamwa. Kukaa sebuleni mlango ukiwa umefungwa hakutoshi, maana hewa ya darini hushuka kupitia nyufa zilezile ambazo joto hupandia. Wote watoke: watoto, wazee, mama mjamzito, mgonjwa wa pumu kabla ya mwingine yeyote, na wanyama wanaofugwa. Mashine ya joto na baridi izimwe, na matundu yake yazibwe, ili isisambaze mvuke vyumbani. Ikiwa mlango wa darini uko ndani ya kabati la nguo la chumba cha watoto, kama ilivyo katika nyumba nyingi za ghorofa moja na nusu, basi nguo, magodoro, midoli na mikeka ya kuswalia viondolewe chumbani humo siku moja kabla.

Muda wa kurudi hutofautiana kwa aina ya povu, unene wake, ubaridi wa siku na nguvu ya feni zinazotoa hewa nje. Watengenezaji wengi hutaja saa 24, wengine zaidi. Kaya imtake mkandarasi aandike muda huo kwenye karatasi kabla ya kuanza, pamoja na jina la bidhaa, na wenye mgonjwa wa pumu nyumbani wawe na busara ya kuongeza siku. Hesabu huanza baada ya kupulizia kumalizika na mabaki kukatwa, kwa kuwa unga unaotoka povu linapokatwa huweza kubeba kemikali ambayo haijakauka. Unga huo husafishwa na mkandarasi, hauachiwi mama wa nyumba na ufagio wake. Kwa hiyo mahali pa kulala patafutwe mapema, kwa ndugu au rafiki, na kazi isipangwe katika wiki ambayo wageni wa futari au wa arusi wanatarajiwa.

Mpangaji yuko katika hali ngumu zaidi, kwa sababu uamuzi si wake. Hutokea mwenye nyumba akaleta mafundi asubuhi na kusema kazi ni ya darini tu, haimhusu aliye chini. Inamhusu. Katika jiji la Louisville, sheria ya Kentucky ya wapangaji na wenye nyumba humtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya angalau siku mbili kabla ya kuingia, isipokuwa kwa dharura au pale isipowezekana. Mpangaji anayo haki ya kuuliza nini kitapuliziwa, kwa muda gani na familia italala wapi. Ni vema aulize kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na aeleze wazi kama kuna mtoto mwenye pumu. Kaya za Columbus na Buffalo zinazosoma maelezo haya zifahamu kwamba kemikali ni zilezile, ila sheria za upangaji za Ohio na New York ni tofauti.

Baada ya povu, nyumba hubanwa. Hilo ndilo lengo, lakini lina upande wa pili. Nyumba ya makuti ya pwani hupumua yenyewe, moshi wa jikoni hujitafutia njia. Nyumba iliyozibwa haifanyi hivyo. Ikiwa hita ya maji au mashine ya joto hutumia gesi na hutoa moshi wake kwa bomba linalotegemea mvuto wa kawaida wa hewa, kuizibia nyufa nyumba kunaweza kuufanya moshi urudi ndani. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Vifaa vya gesi vipimwe kabla ya kazi na vipimwe tena baada yake. King'ora cha kaboni monoksidi kiwekwe katika kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, au watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, wote watoke nje kwanza, kisha ipigwe 911. Feni ya bafuni nayo itoe unyevu hadi nje ya paa, isiishie darini.

Povu pia huungua, hata likiwa limetiwa dawa ya kupunguza moto, na moshi wake ni wa sumu kali. Kwa sababu hiyo haliachwi wazi mahali watu wanapoishi. Hufunikwa kwa bodi ya jipsamu ya nusu inchi au kwa kinga nyingine inayokubaliwa na mkaguzi wa majengo. Chumba cha watoto ambacho povu lake bado linaonekana kwenye mteremko wa paa ni kazi ambayo haijaisha, hata kama malipo yamekwisha.

Povu lililopuliziwa vibaya hujitambulisha. Hutoa harufu kama ya samaki isiyokwisha wiki baada ya wiki, au hubaki linanata, au hupasuka na kujitenga na mbao. Sababu huwa ni vipimo vya mapipa kutolingana, mbao kuwa na maji, baridi kali, au fundi mwenye haraka aliyepulizia unene wote kwa mara moja badala ya tabaka kwa tabaka. Kulirekebisha kunagharimu sana, kwa maana halitolewi kama godoro: hukwanguliwa.

Basi je, povu ni la lazima? Mara nyingi silo. Darini ambapo hapalaliwi, panapotumika kwa masanduku au hapatumiki kabisa, panaweza kuzibwa nyufa kwa uangalifu kisha pakamwagiwa karatasi zilizosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, ambazo hutoa takriban R-3.5 kwa inchi, sawa na povu laini, kwa bei nafuu zaidi na bila isosaineti. Povu lina nafasi yake chini ya mteremko wa paa, penye kina kidogo. Hata hapo hesabu ifanywe: mbao zenye kina cha inchi 5 na nusu zikijazwa povu laini hutoa takriban R-19 tu. Makopo na mitambo midogo ya povu inayouzwa madukani ina kemikali za jamii hiyohiyo. Kopo dogo la kuzibia ufa ni jambo moja, tena dirisha likiwa wazi. Baba kupulizia darini nzima kwa barakoa ya karatasi ni jambo jingine, na lisifanywe.

Kabla ya chochote, mtu achungulie darini bila kugusa. Akiona kokoto nyepesi zinazong'aa, za rangi ya fedha au kahawia, afunge mlango na asizichokore. Huenda ni vamikulaiti, na nyingi ya ile iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa mwaka 1990, nayo ilikuwa na asbesto. Hiyo ni kazi ya wataalamu waliofunzwa.

Kuhusu gharama, upo mpango wa serikali kuu wa kuzikinga nyumba dhidi ya hali ya hewa, ulioanzishwa mwaka 1976, ambao hufanya kazi hizi bure kwa kaya zenye kipato kisichozidi mara mbili ya kiwango rasmi cha umaskini. Wapangaji nao huweza kuomba, mwenye nyumba akiridhia. Louisville, pa kuanzia kuulizia ni nambari 311 ya huduma za jiji.

Kuna na yule muuzaji anayebisha hodi, hasa baada ya dhoruba. Sheria ya nchi humpa mnunuzi siku tatu za kazi za kuvunja mkataba aliouziwa nyumbani kwake kwa dola 25 au zaidi. Zaidi ya hayo, mazungumzo ya kuuza yakifanyika kwa Kiswahili, hati ya mkataba na taarifa ya kuuvunja inapaswa kuwa kwa Kiswahili pia. Muuzaji aliyekuja na mkalimani kwa maneno matamu, kisha akatoa karatasi za Kiingereza peke yake, amekwisha kukiuka sheria kabla wino haujakauka.

Mwisho, wapo vijana wa jumuiya hii wanaoajiriwa kupulizia povu. Kazi hiyo haifanywi kwa barakoa ya kawaida: mwajiri anapaswa kutoa kifaa cha kuvuta hewa safi kutoka nje, suti ya mwili mzima, glavu na kinga ya macho, pamoja na mafunzo kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Nguo za kazi zibaki kazini, zisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Mfanyakazi anayeanza kukohoa usiku baada ya zamu amwambie daktari jina la kemikali anayoishika, asingoje kikohozi kimzoee. Kwa yeyote aliyevuta mvuke au kumwagikiwa, kituo cha sumu hupatikana usiku na mchana kwa nambari 1-800-222-1222, na mpigaji anaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Asiyeweza kupumua vizuri apigiwe 911 mara moja.