Mbiringanya Ukinyauka, Usikimbilie Debe la Maji

Ndugu mkulima, sisi tulimao Kitui na Makueni twajua thamani ya maji. Mito yetu mingi, kama Tiva kule Kitui, hukauka ikabaki mchanga mtupu, na akina mama na watoto huchimba mchangani wapate kuteka. Kwa hiyo kila debe limwagwalo bustanini sharti lilete faida. Leo nataka kukueleza jinsi nilivyopoteza madebe 28, ili wewe usipoteze hata moja.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Nyuma ya nyumba yangu nilipanda mibiringanya 20, mahali palepale nilipovuna nyanya msimu uliotangulia. Ilistawi vizuri hata ikatoa maua. Asubuhi moja nikakuta mmoja umelegea, ingawa majani yake yalikuwa bado ya kijani. Nikasema, "Hii ni kiu." Binti yetu akatumwa mtoni: madebe mawili kila siku, kwa siku 14. Mara mbili alichelewa shuleni. Siku hizo zilipokwisha, mibiringanya iliyosimama ilikuwa mitatu tu, na nyanya za jirani yetu wa upande wa chini, ambako maji yetu yalitiririkia, zilikuwa zimeanza kunyauka pia.

Bwana Shamba alipofika hakuuliza habari za maji. Alisema, "Karani, nipe kisu na gilasi." Akakata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, akakining'iniza katika gilasi ya maji safi. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka kutoka katika shina. "Huu ni mnyauko wa bakteria," akasema. "Mmea ukiisha kuupata hauponi, na maji uliyomwaga yameueneza." Niliona haya sana, maana karatasi zenye habari hizo hupita mezani kwangu, na mimi ndiye nizipangaye.

CHUNGUZA KWANZA

Mmea ukinyauka, fuata mambo haya kabla ya kutuma mtu mtoni:

1. Utazame jioni na asubuhi. Ukilegea adhuhuri na kuinuka jioni, mara nyingi ni jua kali au kiu. Huo umwagilie maji.

2. Ukiwa umelegea hata asubuhi, na udongo una unyevu, fanya jaribio la gilasi.

3. Ukiwa umedumaa na majani yake ni ya manjano, ung'oe mmoja. Mizizi yenye vinundu vingi huonyesha minyoo ya udongoni.

4. Tazama shina chini. Likiwa limetafunwa, huenda ni mchwa. Mche mchanga uliokatwa usiku kama kwa kisu ni kazi ya kiwavi. Fukua karibu na shina utamkuta amejikunja.

5. Ikiwa ncha ya tawi pekee ndiyo inyaukayo, tafuta tundu dogo. Ndani mna funza. Kata ncha hiyo uichome, asije akaingia katika matunda.

UKIUPATA UGONJWA

Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uuchome. Usiutupe katika shimo la mboji wala karibu na mto. Osha jembe na viatu kabla ya kuingia sehemu nyingine. Ugonjwa huu hukaa udongoni kwa miaka mingi, kwa hiyo mahali hapo usipande biringanya, nyanya, viazi ulaya, pilipili wala mnavu kwa miaka mitatu au zaidi, maana hao wote ni ukoo mmoja. Panda mahindi au mtama. Ng'oa pia mitunguja, ile miti midogo ya miiba yenye matunda ya manjano machungu, kwa kuwa nayo ni ya ukoo huo.

KUANZA VIZURI

Sia mbegu kitaluni, na baada ya wiki tano au sita uhamishe miche wakati wa jioni. Kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, basi miche iwe tayari mvua ianzapo. Chimba tuta lililozama kiasi cha shubiri moja ili maji yasikimbie, tia mbolea ya boma iliyooza vizuri, na uache futi mbili kati ya mche na mche. Funika udongo kwa nyasi kavu, lakini zisiguse shina. Mwagilia chini ya mmea, kwa kiasi kilekile kila mara; joto kali na ukame huangusha maua.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila wiki pindua majani utazame chini yake. Ukiona madoadoa ya manjano na utando mwembamba wakati wa kiangazi, hao ni utitiri wekundu. Ondoa majani yaliyoharibika sana, na uwaoshe waliobaki kwa maji.

Vuna biringanya likiwa bado linang'aa, na ulikate kwa kisu pamoja na kikonyo chake. Likififia, mbegu huwa ngumu na ladha chungu, na mnunuzi wa Wote au Kitui hatalitaka.

Mimi sasa nimepanda mahindi mahali pale. Mibiringanya yangu mipya ni 12 tu, upande wa juu ambako nyanya hazijapata kupandwa, nayo hutosheka na debe moja. Kwa jirani nilikwenda kuomba radhi, nikachukua kisu na gilasi. Tukang'oa nyanya saba, nyingine zikasalimika.

Ukiwa na shaka, chukua kipande cha shina ndani ya karatasi, umpelekee Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kwenu. Lakini jaribio la gilasi waweza kulifanya mwenyewe leo, kwa maji yasiyozidi kikombe kimoja.