Wepesi Usiokubali Kubanwa

Mvuvi wa Gando, Pemba, anayetega jarife upande wa kisiwa cha Fundo hasumbuliwi sana na chelezo. Kipande cha kandambili kuukuu au boya la plastiki hushika kamba ya juu, chubwi zikavuta ya chini, na wavu ukasimama. Lakini nje ya visiwa sakafu ya bahari huporomoka, na Mkondo wa Pemba, unaotenganisha kisiwa cha Pemba na bara, una kina cha takriban mita 800. Huko chini chelezo kile kile hakifai kitu.

Kila mita 10 za kushuka huongeza shinikizo la takriban kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwenye mita 800, eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba hubeba karibu kilo 80. Povu la kandambili, au la maboksi meupe ya samaki, ni vipovu vya hewa vyenye kuta laini. Likibanwa husinyaa, na kitu kinachosinyaa husukuma maji machache zaidi, hivyo nguvu yake ya kuelea hupungua kadiri kinavyozama.

Jibu la wahandisi ni povu sintaktiki. Povu hili haliumuliwi kwa gesi. Huchukuliwa matufe ya kioo yenye uwazi ndani, madogo hata kwa macho yanaonekana kama unga mweupe, yakachanganywa na gundi ya epoksi na kuachwa yagande. Kioo huvunjika upesi kikivutwa au kupindwa, ila kikibanwa ni kigumu ajabu. Na umbo la tufe huugawa mzigo sawasawa pande zote.

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, lita ya povu hili mara nyingi huwa kati ya kilo 0.4 na 0.7. Tofauti hiyo ndiyo mzigo linaoweza kuinua. Uimara wake hutegemea sana unene wa ukuta wa tufe ukilinganishwa na kipenyo chake. Miongoni mwa matufe yanayouzwa, mepesi kabisa, yenye kilo 0.125 kwa lita, huhimili shinikizo la kama mita 170 tu. Baadhi ya yale ya kilo 0.6 hufikia la karibu mita 6,900. Anayetaka kina hana budi kukubali uzito.

Povu hili likibanwa kupita kiasi, matufe huanza kupasuka kundi baada ya kundi, na povu huendelea kufupika bila mzigo kuongezeka sana, mpaka mianya yote ijae. Likivutwa hali ni nyingine: ufa huanza pale kioo kinapoachana na epoksi, kisha hukimbia. Kwa hiyo fundi hodari hafungi ndoano kwenye povu lenyewe. Huifunga kwenye fremu, povu likabaki na kazi ya kubanwa.

Mwaka 1960 nyambizi Trieste ilifika chini kabisa ya bahari ya Pasifiki ikielea kwa tangi kubwa la petroli. Mwaka 2012 mwongozaji wa filamu James Cameron alishuka huko huko kwa nyambizi Deepsea Challenger, ambayo sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa povu sintaktiki. Mwaka huo huo, katika bahari ya Tanzania, gesi iligunduliwa kwenye kisima cha Zafarani, chini ya maji ya zaidi ya mita 2,000. Katika kina kama hicho, bomba refu la kuchimbia huvalishwa vipande vya povu la aina hii ili meli isibebe uzito wote.

Uvuvi na utafiti wa bahari kuu vinazungumzwa sana Zanzibar sasa. Kila anayenunua boya, kifaa cha kupimia au kamba ya kina kirefu aulize kwanza kina ambacho kifaa hicho kimepimwa kuhimili, na ni kwa muda gani. Uwezo wa kuelea unaosomwa juu ya maji, bila kina chake, ni nusu ya habari.