Malezi ya Mtoto Njiti: Kifua cha Mama Tangu Saa za Kwanza, Likizo Zaidi kwa Wazazi

Mtoto anayezaliwa kabla ujauzito haujatimiza wiki 37 huitwa mtoto njiti. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watoto milioni 13.4 walizaliwa katika hali hiyo duniani mwaka 2020, yaani takriban mmoja katika kila watoto kumi. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo.

Katika miaka ya karibuni yametokea mabadiliko mawili ambayo wakazi wa Mombo wanapaswa kuyafahamu. La kwanza ni la kitabibu na linahusu saa za mwanzo za uhai wa mtoto. La pili ni la kisheria na linahusu likizo ya wazazi walioajiriwa. Hata hivyo, yote mawili hayana manufaa ikiwa familia haikujiandaa mapema.

Joto la Mombo halitoshi

Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na mwili wake hauwezi kujitengenezea joto la kumtosha. Anapozaliwa akiwa na majimaji, hupoteza joto kwa haraka hata kama hali ya hewa ni ya joto. Kwa sababu hiyo, joto la tambarare ya Mombo, chini ya milima ya Usambara, lisimfanye mtu adhani kuwa mtoto huyo yuko salama akilazwa peke yake kitandani. Mtoto aliyepoa hutumia nguvu zake chache kutafuta joto, hunyonya kwa shida na huweza kupumua kwa taabu.

Malezi ya kangaruu ndiyo njia iliyothibitika kumkinga. Mtoto akiwa amevaa nepi, kofia na soksi tu, huwekwa wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, kisha hufungwa kwa khanga au kitenge ili kichwa na shingo vikae vizuri na njia ya hewa ibaki wazi. Njia hii ilianzishwa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa mashine za kutunzia joto watoto. Ilianza kama mbadala wa mashine, lakini baadaye ilibainika kuwa na faida ambazo mashine haina: mama hupata maziwa kwa urahisi, mtoto hunyonya mara kwa mara na maambukizi hupungua.

Utafiti uliobadilisha utaratibu

Kwa miaka mingi mtoto mdogo sana alitenganishwa kwanza na mama yake, akawekwa kwenye mashine mpaka hali yake itengemae, ndipo malezi ya kangaruu yakaanza. Utafiti ulioratibiwa na WHO katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulipima utaratibu huo. Kwa upande wa Tanzania ulifanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Walihusishwa zaidi ya watoto 3,200 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kuwa, katika siku 28 za mwanzo, walifariki watoto 12 katika kila 100 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa. Kwa waliosubiri hali itengemae, walifariki karibu 16 katika kila 100. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda uliopangwa, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwachelewesha watoto wengine.

Mwezi Novemba 2022, WHO ilitoa mapendekezo mapya: malezi ya kangaruu yaanze mara tu mtoto anapozaliwa, nyumbani au katika kituo, na yaendelee kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Wasiohusika na kuanza mara moja ni watoto wasioweza kupumua wenyewe baada ya kusaidiwa, walio katika mshtuko wa mwili, au wanaohitaji mashine ya kupumulia. Mapendekezo hayo pia yanataka familia ishirikishwe. Mama akichoka au akiwa mgonjwa, baba, bibi au shangazi anaweza kumbeba mtoto kifuani kwa namna hiyo hiyo.

Likizo ya wazazi

Katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2024 jijini Arusha, Serikali ilitangaza kuongeza likizo kwa wazazi wa watoto njiti. Mwaka 2025, marekebisho ya sheria za kazi yaliingiza jambo hilo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Mama aliyejifungua kabla ya wakati huongezewa muda juu ya likizo ya kawaida ya siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupata siku 7 badala ya 3.

Wanawake wengi wa Mombo ni wakulima na wafanyabiashara wadogo wasio na mwajiri, na likizo hiyo haiwafikii. Kwao, likizo hutolewa na nyumba. Mama anayembeba mtoto kifuani mchana na usiku hawezi wakati huo huo kuchota maji, kulima au kukaa gengeni. Jamii ya Tanga inaijua desturi ya arobaini. Kwa mama wa mtoto njiti, mapumziko hayo yanaweza kuhitajika kwa muda mrefu zaidi, na ndugu na majirani ndio wanaoweza kuyawezesha.

Umuhimu wa kuanza kliniki mapema

Mtoto mdogo si lazima awe njiti. Wapo wanaozaliwa kwa wakati lakini hawakukua vizuri tumboni, na huduma zao hutofautiana. Ili kuwatofautisha, umri wa mimba lazima ujulikane. Wilaya ya Korogwe yenyewe imechangia elimu hii: utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliowafuatilia wajawazito wa Korogwe kwa ultrasaundi, ulitoa chati ya ukuaji wa uzito wa mtoto tumboni kwa jamii ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo mjamzito anashauriwa kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, akiikumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho, ili wiki ziandikwe kwenye kadi mapema. Kadi hiyo humwongoza mkunga, na kwa mwajiriwa husaidia kuthibitisha haki ya likizo. Kliniki pia hutoa vyandarua na dawa za SP, kwa kuwa malaria ni moja ya sababu za watoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Dalili zisizosubiri

Mjamzito akipata uchungu, akivuja maji au damu kabla ya wakati, awahi kituoni mara moja. Mtoto njiti arudishwe kituoni haraka akikataa kunyonya, akipumua kwa taabu, akiwa wa baridi au wa moto isivyo kawaida, akilegea, akipata degedege au akigeuka manjano. Kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, wananchi wanaweza kupiga namba 115 ya mfumo wa m-mama bila malipo. Wakati usafiri unasubiriwa na hata njiani, mtoto abaki kifuani, amefunikwa vizuri, ngozi kwa ngozi.